Kumpiga picha chozi uani, Moshi

Usimkimbize chozi, yule ndege mdogo anayefyonza nekta ya maua; msubiri. Mimi hukaa kwenye kigoda karibu na mshubiri uliochanua hapa nyumbani Moshi, saa moja asubuhi, jua likiwa mgongoni. Atarudi tu, mara nyingi ua lilelile. Weka kasi ya shata, yaani muda kamera inaoruhusu mwanga uingie, iwe 1/2000 ya sekunde, maana hata akishika bua hatulii. Lenga jicho.

Kifua ndicho kinachohangaisha: ule mng'ao wa kijani unatokana na jinsi manyoya yanavyorudisha mwanga, kwa hiyo akigeuka kidogo tu anakuwa mweusi tii. Piga mfululizo, picha 20, ubakize moja.

Kiota, mimi na wenzangu hatukisogelei wala hatutaji kilipo. Mwaka juzi nilikata kijitawi ili nikione vizuri. Mama wa makinda hakurudi. Bado inaniuma.