Fomu ndefu? Tunza rasimu kwenye localStorage
Jamani mnaotengeneza fomu ndefu, msimwache mtu ajaze weee halafu simu izime chaji au aguse rifreshi kwa bahati mbaya kila kitu kipotee, inauma sana. Kila anapoandika, tupia rasimu kwenye localStorage, yaani hifadhi ndogo ya brauza inayobaki hata ukurasa ukifungwa; ukurasa ukifunguka tena unamrudishia. Ila ile inashika maandishi tu, kwa hiyo kama una objekti (data yenye sehemu kadhaa, mfano jina na simu) ipitishe kwanza kwenye JSON.stringify inayoigeuza maandishi, na ukisoma tumia JSON.parse inayoirudisha kuwa objekti, la sivyo utakuta yamekaa maneno object Object na data yako ndo imeenda hivyo. Nafasi ni kama MB 5 hivi. Akishatuma, futa kwa removeItem. Paswadi usiweke humo kabisa, skripti yoyote ya ukurasa huo inaisoma.