Kuchemsha hakutoi risasi kwenye maji, fanya hivi

Jamani hapa Kampala tumekua tukiambiwa maji yakichemka yashakuwa salama, na kwa taifodi ni kweli kabisa, endelea kuchemsha, ila risasi (ile madini ya kwenye betri za gari) na shaba sio vijidudu, hazifi kwa moto. Tena ukiyaacha yachemke sana maji yanapungua na risasi inabaki ileile, kwa hiyo kikombe chako ndo kinazidi kuwa nayo.

Mara nyingi haya madini hayatoki ziwani, yanaingia humuhumu nyumbani, kwenye koki za brasi, viungio vya solda ya zamani na mabomba ya shaba, hasa maji yakilala humo usiku kucha.

Kwa hiyo asubuhi kabla ya kujaza birika fungua koki uyaache yatoke dakika moja mbili, mpaka uyasikie mkononi yamekuwa baridi zaidi. Usiyamwage bwana, maji ni pesa, kinga kwenye ndoo udekie au ufulie. Na ya chai, ya posho (ugali), ya maziwa ya kopo ya mtoto, yawe ya bomba la baridi tu, kamwe usichote ya hita, maji moto yanayeyusha risasi haraka. Kwa watoto naomba msifanye mchezo, mwili wa mtoto mdogo unafyonza risasi mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima, na inaharibu ubongo.

Fungua pia kale kawavu kwenye mdomo wa koki ukasafishe. Kwa dada yangu tulikuta punje za kijivu zimejaa kama mchanga na sinki lina alama za kijanibluu, alama hizo ni za shaba, na maji yana ladha ya sarafu. Risasi haina ladha wala rangi, ndo maana naiogopa zaidi. WHO wanaweka kikomo cha shaba miligramu 2 kwa lita, risasi mikrogramu 10 tu (mikrogramu elfu ndo miligramu moja), yaani mara 200 chini.

Ukinunua filta soma boksi, iwe imeandikwa NSF/ANSI 53 (kiwango cha ubora wa filta za maji) na kwamba inatoa risasi, na katriji uibadilishe kwa wakati.

Ukitaka kupima maabara, chota lita ya kwanza kabisa ya alfajiri, kabla mtu yeyote hajagusa koki hata ya chooni.