Somo: Kutazama ndege na kupeleleza beri vilimani

Hizi ni kazi mbili za asubuhi moja ya kiangazi. Ndege kwanza, maana huimba zaidi kunapopambazuka. Beri, vitunda vidogo vya vichaka vya porini, hazina pa kukimbilia.

1. Fika kabla jua halijachomoza, suruali umeichomeka ndani ya soksi kwa ajili ya kupe. Darubini ya 8x42 inatosha: 8 ni ukuzaji, 42 ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita, na lenzi pana ndiyo inayokufaa kukiwa bado na kiza.

2. Jua liwe mgongoni. Tulia dakika 10, sikiliza. Ukimwona ndege usimwondolee macho; darubini ndiyo ipande ikufuate usoni. Ukiinama kuitafuta, umeshampoteza. (Mimi nimewapoteza wengi hivyo.)

3. Sasa mfuatilie anakoingia. Kichaka kinachotembelewa mara tatu nne kina kitu. Halafu kagua mawe ya njiani: kinyesi cha zambarau chenye vijimbegu maana yake kuna beri zilizoiva jirani. Alama hiyo naiamini kuliko maelezo ya mtu aliyepita wiki jana.

4. Anzia pembezoni mwa msitu, upande unaopigwa na jua, chini ya kilima kabla ya juu. Huko huiva mapema. Beri nyeusi (blackberry) inayong'aa sana mara nyingi bado ni kali. Tafuta iliyofifia kidogo, inayoachia yenyewe ukiigusa. Ukilazimika kuivuta, iache, kwa sababu ikishachumwa haiivi tena.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, tunda likiliwa na ndege si ni salama?
Jibu: Hapana! Ndege hula matunda ya beladona, na kwa binadamu ni sumu kali. Ndege akuonyeshe kichaka tu, asikuonjee. Tunda usilolijua usilitie mdomoni.

Swali: Rasiberi nyeusi na beri nyeusi nazitofautishaje?
Jibu: Chuma moja uigeuze. Rasiberi huacha kiini chake kwenye kikonyo, nawe unabaki na kikombe kitupu. Beri nyeusi hutoka na kiini chake ndani.

Swali: Nimekuta kiota katikati ya beri zilizoiva. Nichume upande wa pili?
Jibu: Ondoka, ndugu yangu, hata picha usipige. Ndege akikupigia kelele mfululizo ujue umesogea mno. Rudi makinda wakisharuka.