Aini: gonga mpira kwanza, nyasi baadaye

Wengi wetu kwenye gofu tunakosea aini, zile fimbo zenye uso wa chuma na namba, kwa sababu moja tu, tunataka kuuinua mpira. Umesimama na aini namba 7, mbele kuna shimo la mchanga, grini (ile sehemu ya nyasi fupi yenye kitundu na bendera) iko ng'ambo, kichwani unajiambia huu lazima upae, basi mwili unarudi nyuma, mikono inachota kama mtu anachota maji kwa upawa, na fimbo inachimba ardhi kabla haijafika kwenye mpira au inaupiga kichwani unatambaa chini chini mpaka mchangani.

Kuinua siyo kazi yako, hiyo imeshafanywa na uso wa fimbo. Namba 7 imelala nyuzi 30 hivi, mpaka 34 kwa zile za zamani, inatosha kabisa. Wewe shuka nayo, igonge mpira, ndo iguse nyasi. Mpira utapanda wenyewe, na utakuwa na spini, yaani kuzunguka kinyumenyume, ya kuufanya utulie kwenye grini.

Utajuaje kama unafanya hivyo? Angalia kipande cha nyasi ulichokata, hicho hakidanganyi. Kikianza nyuma ya pale mpira ulipokuwa, basi umechota; kikianzia pale pale au mbele kidogo, chembamba, kimelala bapa, uko sawa. Kikiwa shimo refu la kwenda chini basi unatwanga, haitakiwi hivyo pia.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote halitaki hata mpira. Ingia kwenye mchanga wa mazoezi, chora mstari kwa kidole, simama mstari ukiwa katikati ya miguu yako, halafu piga swingi (zungusha fimbo kama unapiga mpira) ukijaribu kukwangua mchanga upande wa mbele ya mstari tu. Piga kumi, kila ukipiga inama uangalie alama imeanzia wapi. Mara za kwanza utashangaa, utakuta unaanzia kiganja kizima nyuma!! Usiendelee na mpira mpaka angalau saba kati ya kumi zianze kwenye mstari au mbele yake, na swingi iwe nusu tu, mikono isipite mabega.

Kinachosogeza alama mbele ni uzito. Ukisimama weka kidogo zaidi kwenye mguu wa mbele (wa kushoto kama unatumia mkono wa kulia), na ukishuka uhamie huko wote na kifua kigeuke kuelekea unakolenga. Ukimaliza jaribu kunyanyua mguu wa nyuma, ukiyumba ujue ulibaki nyuma. Watu wanahangaika sana na mikono eti itangulie mbele ya mpira, ni kweli inatakiwa itangulie lakini usiilazimishe, mwili ukienda mbele na kugeuka mikono inafuata yenyewe.

Mahali pa mpira: namba 8, 9 na weji (zile fupi za kupiga karibu) katikati ya miguu, fimbo ndefu zaidi, zenye namba ndogo, sogeza mbele upana wa mpira mmoja hivi. Basi. Na shika fimbo kwa ulaini, ukikaza mikono inakuwa migumu na swingi inakatika njiani.

Jambo jingine linalotuumiza ni kuchagua fimbo kwa ile shoti moja nzuri uliyowahi kupiga siku upepo uko nyuma yako. Nenda piga mipira 15 na kila aini, toa iliyokwenda mbali kabisa na ile mibovu, wastani wa iliyobaki ndo umbali wako, na hesabu pale mpira unapotua siyo unapoishia kubiringika. Kati ya fimbo na fimbo kwa kawaida kuna mita 10 hivi. Ukiwa katikati ya mbili chukua ndefu, piga taratibu, lenga katikati ya grini hata kama bendera iko pembeni.

Na kabla ya kila shoti futa uso wa fimbo kwa taulo, maana ile mifereji ya usoni ikijaa udongo na majani spini inapotea na mpira mzuri kabisa unapitiliza grini.