Kuotesha Kaktasi za Maua kwa Mbegu katika Joto la Phoenix

Mtu anayehamia Phoenix, katika jimbo la Arizona nchini Marekani, huona kaktasi zimesimama juani mwaka mzima, akadhani kwamba mbegu zake nazo zinataka jua hilohilo. Dhana hiyo imeua miche mingi. Saguaro, ile kaktasi kubwa ambayo ua lake ni ua rasmi la jimbo hilo tangu mwaka 1931, hukomaza matunda yake mvua za kiangazi zinapokaribia, na kwa kawaida miche inayonusurika ni ile iliyoota chini ya vichaka na miti kama palo verde, ambako kivuli huikinga na jua kali mchana na baridi kali usiku. Mwenye kuotesha nyumbani hufanya kazi ya mti huo.

Saguaro yenyewe haimfai mwenye haraka, kwa kuwa miaka zaidi ya 35 huweza kupita kabla ya ua la kwanza. Napendekeza kaktasi za jamii ya Echinopsis, hasa machotara ya kundi la Trichocereus, yaani mimea iliyotokana na kuchanganya aina tofauti, ambayo maua yake makubwa, mekundu, ya rangi ya chungwa au ya waridi, hufunguka usiku na kunyauka kesho yake jua likishapanda. Yakitunzwa vyema huanza kutoa maua baada ya miaka mitatu hadi mitano hivi. Ukitaka mbegu zako mwenyewe, uwe na mimea miwili ambayo haikutokana na vipandikizi vya mmea mmoja, maana mingi haijichavushi, kisha alfajiri uhamishe chavua kutoka ua moja hadi jingine kwa brashi laini. Watoto wa machotara hawafanani na mama yao, na kwangu hiyo ndiyo raha yenyewe.

Majira bora ya kusia ni Machi, au mwishoni mwa Septemba ikiwa utaiweka miche ndani ya nyumba wakati wa baridi. Mbegu huota vizuri katika nyuzi 21 hadi 30 za Selsiasi. Julai haifai kabisa: mwaka 2023 Phoenix ilikuwa na siku 31 mfululizo zilizofikia nyuzi 43 au zaidi, na hata saguaro za miaka mingi zilianguka.

Changanya kwa vipimo sawa changarawe laini za pumisi, ambazo ni mawe mepesi ya volkano, na makumbi ya nazi yaliyosagwa na kuchekechwa. Udongo wa uani uuache, kwani mara nyingi una chokaa nyingi na hushikamana kama saruji. Lowesha mchanganyiko kwa maji ya mvua au yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake, kwa kuwa maji ya bomba ya huko yana chumvichumvi nyingi. Upashe moto mpaka utoe mvuke, halafu usubiri upoe. Nyunyiza mbegu juu yake bila kuzifukia, kwani zinahitaji mwanga ili ziote, kisha utie chungu ndani ya mfuko wa plastiki unaofungwa kabisa.

Mfuko huo ukae penye mwanga mwingi usio wa jua la moja kwa moja, kama vile chini ya taa ya LED, kwa sababu ukipigwa na jua kwa dakika chache tu mbegu zitapikwa. Machipukizi huonekana baada ya siku 4 hadi 14. Hapo wengi huharakisha kufungua mfuko, na miche hukauka kabla haijawa na mizizi ya maana. Uache umefungwa miezi miwili au mitatu, isipokuwa ukiona ukungu au kinyausi, yaani ugonjwa unaolegeza shina la mche na kuuangusha; hapo ondoa iliyoathirika na upitishe hewa mara moja. Miche ikigeuka myekundu, mwanga umezidi. Ikirefuka na kupauka, mwanga haujatosha.

Baada ya hapo fungua mfuko kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili, na uhamishe kila mche kwenye chungu chake ukifikia ukubwa wa gololi. Nje, uweke chini ya neti ya kivuli inayozuia asilimia 50 ya jua, upande wa mashariki wa nyumba, ili upate jua la asubuhi na kuepushwa na la alasiri. Wakati wa joto mwagilia jioni, udongo wa juu ukishakauka. Wakati wa baridi punguza maji sana, na usiku wa jalidi funika kwa kitambaa.

Neti hiyo usiiondoe hata mmea ukishakomaa. Asili ya machotara haya ni nyanda za Argentina na Bolivia, ambako usiku hupoa, ilhali kaktasi hufungua vitundu vyake vya hewa usiku, wakati wa ubaridi, ili zisipoteze maji mengi. Kiangazi cha Phoenix, ambacho usiku wake huenda usishuke chini ya nyuzi 32, huyanyima nafuu hiyo.