Somo: Nywele kupukutika baada ya upasuaji

Nilipofanyiwa upasuaji nilielezwa kila kitu kuhusu kidonda. Nywele hakuna aliyezitaja. Mwezi wa 3 baada ya upasuaji zikaanza kutoka kwa mafungu kila nikichana, nikalia peke yangu bafuni. Naandika ili mwingine asipatwe na hofu ile.

Hatua ya 1: Hesabu miezi kurudi nyuma. Unywele hukua kwa miaka kadhaa, hupumzika kama miezi 3, kisha hung'oka. Upasuaji mkubwa, kupoteza damu, homa na kukosa hamu ya kula huushtua mwili, na nywele nyingi huingia mapumzikoni kwa pamoja. Unaodondoka leo uliacha kukua siku zile ulipokuwa kitandani. Kwa hiyo usiilaumu sabuni ya wiki iliyopita. Nusukaputi nayo husingiziwa sana, wakati mzigo mkubwa ni mshtuko wenyewe.

Hatua ya 2: Angalia zinatoka wapi. Zikipungua kichwa kizima, ndiyo hali hii. Ila kiraka kimoja kisogoni, kilichojitokeza ndani ya wiki chache, huenda kimetokana na mgandamizo: upasuaji ukichukua saa nyingi, kichwa hulalia sehemu moja na damu haiifikii ngozi vizuri. Mara nyingi huota tena. Kikiuma au kikiwa na kidonda, wahi kwa daktari.

Hatua ya 3: Pima kabla ya kununua chochote. Wingi wa damu, akiba ya madini ya chuma (feritini) na tezi ya thairoidi (iliyo shingoni). Orodhesha pia dawa ulizopewa, maana baadhi, kama heparini ya kuzuia damu kuganda, hupukutisha nywele. Usiache dawa bila kumuuliza aliyekuandikia.

Hatua ya 4: Kula protini ya kutosha, na usisuke kwa kukaza.

Maswali ya wanachama

Nisipoziosha si zitadondoka kidogo?
Hapana, ndugu yangu. Zilizokwisha kuachia zitajikusanya tu, halafu siku ya kuosha utashtuka zaidi. Osha kama kawaida.

Nimeshauriwa vidonge vya biotini (aina ya vitamini B). Nitumie?
Kama hujapungukiwa, sioni sababu. Biotini nyingi huvuruga majibu ya vipimo vya thairoidi na hata vya moyo, hivyo ukiwa unaimeza waambie kabla ya kutolewa damu. Vitamini A nayo ikizidi hunyonyoa nywele.

Mama anatakiwa kupasuliwa tena na anaogopa zitatoka upya.
Zinaweza kutoka, si lazima. Mpe pole, kisha muulizie kipimo cha chuma mapema, kabla ya tarehe ya upasuaji. Asiahirishe matibabu kwa ajili ya nywele.

Itaisha lini?
Kwa wengi hutulia ndani ya miezi 6. Ujazo huchelewa kwa sababu nywele hukua kama sentimita 1 tu kwa mwezi. Miezi 6 ikipita na bado zinatoka, nenda kwa daktari wa ngozi. Ukiona vinywele vifupi vimesimama kwenye paji la uso, hizo ni mpya zinaota.