Kabla Hujakata Bima ya Mtandao kwa Ofisi Yako ya Utalii

Ofisi ya safari Njiro au kampuni ya kupandisha wageni mlimani pale Moshi ina vitu vitatu ambavyo mwizi wa mtandaoni anavipenda: nakala za pasipoti, fomu za afya za wapanda mlima, na mazungumzo ya malipo ya dola kwa barua pepe. Bima ya moto haigusi hata kimoja, na ya magari vilevile. Bima ya mtandao, yaani ya hasara zinazoletwa na wezi hao, inakufaa hata kama mko watano tu ofisini, ila usiikate kwa haraka.

Safisha ndani kwanza. Washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na uthibitisho wa pili kama namba inayokuja kwenye simu, kwenye barua pepe zote. Bakapu moja ikae kwenye diski iliyochomolewa, maana virusi vinavyofunga mafaili hufunga na diski iliyochomekwa. Mfanyakazi akiacha kazi, akaunti yake ifungwe siku hiyohiyo.

Fomu ya maombi ijaze kwa ukweli mtupu. Ikiuliza kama akaunti zote zina hatua mbili, usijibu ndiyo kwa sababu ya bosi inazo wakati ya mhasibu haina. Marekani mwaka 2022 kampuni ya bima ya Travelers ilikwenda mahakamani kwa jambo la namna hiyo, na mkataba wa mteja ukafutwa.

Sasa kaa chini, hapa ndipo ofisi nyingi zinapoumia. Mtu wa mapokezi anabofya kiungo cha hati na kuandika nywila kwenye ukurasa bandia. Mwizi akishaingia haharibu chochote. Anaweka kanuni inayozipeleka barua zenye neno «invoice» kwenye folda ambayo hakuna anayeifungua, kisha anasoma tu, hata wiki kadhaa. Salio la familia ya Wajerumani linapokaribia kulipwa, tuseme dola 9,600, wanapokea barua kutoka anwani yako halisi. Ina nembo yako, majina yao na tarehe zao za Serengeti. Inasema akaunti ya zamani iko kwenye ukaguzi, walipe kwenye hii mpya. Wanalipa. Unashtuka siku unapowakumbusha deni, nao wanakutumia risiti.

Hapo bima inaweza kukuacha mkono mtupu. Kipengele cha wizi wa fedha kwa udanganyifu mara nyingi hulipa fedha iliyotoka kwenye akaunti ya mwenye bima. Hii ilitoka kwa mgeni ikaenda kwa mwizi, haikupita kwako. Mgeni naye anasema barua ni yako na safari yake anaitaka. Ukimpeleka, viingilio vya hifadhi, loji na dereva ni juu yako. Usipompeleka, jiandae kwa madai na jina kuchafuka.

Kwa hiyo muulize wakala hivi hivi: «Mteja wangu akilipa kwenye akaunti ya mwizi kwa sababu ya barua iliyotoka kwenye mfumo wangu, mnalipa? Mwisho kiasi gani?» Jibu liwe la maandishi, na uonyeshwe kifungu chenyewe. Kinga hiyo mara nyingi huongezwa kwa malipo ya ziada na ina kikomo chake kidogo. Unaweza kukuta mkataba wa dola 100,000 unaolipa 10,000 tu kwa udanganyifu. Angalia pia sharti la kuthibitisha kila badiliko la akaunti ya benki kwa simu, kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, siyo iliyo ndani ya barua. Ukilipa loji kwenye akaunti mpya bila kupiga simu hiyo, madai yako yanaweza kukataliwa.

Wizi wa namna hii ukitokea, mgeni aiombe benki yake irudishe malipo saa hiyohiyo, kwa sababu mwizi huzitawanya fedha haraka. Ondoa kwenye akaunti ya barua pepe kila kifaa kilichoingia humo, badili nywila, lakini ile kanuni ya mwizi ipige picha kabla hujaifuta. Kisha taarifu bima na polisi.

Uliza na hasara ya biashara kusimama: mikataba mingi huanza kuhesabu baada ya kazi kusimama kwa muda wa saa 8 au 12. Uliza kiasi unachobeba mwenyewe kwanza, na kama tukio lililoanza kabla ya mkataba linahesabika. Gharama za kisheria usizisahau. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na ukiwauzia safari watu walioko Umoja wa Ulaya, sheria yao inaweza kukufikia na kukupa saa 72 za kutoa taarifa data zao zikivuja.

Hakikisha wakala amesajiliwa na TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania, na lipa kabla hujaanza kujihesabu una kinga. Virusi vikifunga mafaili, usimlipe mwizi anayedai fedha ili ayafungue bila idhini ya bima.

Namba ya dharura ya bima ibandikwe ukutani kwa karatasi, maana kompyuta zikifungwa mkataba nao umefungwa humo. Pasipoti za wageni wa miaka iliyopita zifute. Simu za waongozaji ziwe na namba ya siri. Na kiungo usichokitarajia, hata kikitoka kwa mtu unayemfahamu, mpigie kwanza.